DAWA YA MAJI: NANI ALIYELIPA?



Juma lililopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa mjini Songea, alinifuata barazani akiwa na kitabu mkononi. Baada ya shikamoo akakaa, akanisimulia. Kitabu chenyewe ni A Wizard of Earthsea, hadithi ya vijana iliyoandikwa na Mmarekani Ursula K. Le Guin mwaka 1968. Kijana Ged anasoma shule ya uchawi. Siku moja, kwa majivuno ya ujana, anataka kuwaonyesha wenzake kwamba anaweza kuita roho ya marehemu. Pamoja na roho hiyo kinatoka kivuli kibaya, kinamrukia na kumrarua uso. Mkuu wa shule anamaliza nguvu zake zote kukifukuza na kuuziba ule mlango, naye anakufa.

"Baba," binti akauliza, "mbona aliyekosa ni mwanafunzi, aliyekufa ni mwalimu?" Kabla sijajibu akaongeza la pili: "Na babu zetu wa Majimaji je? Si walidanganywa tu na maji?"

Swali hilo la pili limeninyima usingizi. Mtoto wa Songea akiamini kwamba babu zake walikuwa wajinga tu, basi mnara wetu wa mashujaa hauna maana. Tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alisema amepagawa na pepo aitwaye Hongo. Akaanza kutoa dawa: maji yaliyochanganywa na mbono na mtama. Aliyepata dawa hiyo, risasi ya Mjerumani ingegeuka maji mwilini mwake. Lakini dawa ilikuwa na masharti. Mpiganaji asipore mali, wala asilale na mwanamke wakati wa vita. Mtu akianguka, wenzake waliweza kusema kwamba amevunja mwiko. Kwa hiyo tangu mwanzo uganga ule ulikuwa na bei yake.

Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile akanyongwa Mohoro Agosti 4, lakini dawa yake ilikuwa imekwisha kusambaa. Ilipofika Ungoni ilikuta watu wenye uchungu wao. Wajerumani walikuwa wamejenga boma Songea mwaka 1897 na kuwanyang'anya wakubwa wa Kingoni mamlaka yao. Nkosi Mputa wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope wakaikubali dawa, na watu wao wakaingia vitani.

Oktoba 21, 1905, jeshi la Kapteni Nigmann lililotoka Iringa liliishambulia kambi ya Wangoni pale Namabengo kwa bunduki za rashasha. Siku hiyo maji yalishindwa mbele ya macho ya wote.

Hapa ndipo pa kumjibu binti yangu. Kama wazee wetu wangekuwa wamedanganywa na maji tu, vita vingekwisha jioni ile ile. Havikuisha. Imani ya maji ilipungua, lakini watu waliendelea kupigana kwa kuvizia porini hadi mwaka 1906. Maji yaliwapa ujasiri wa kuanza na yakawaunganisha na makabila ambayo jana yake yalikuwa maadui zao. Lakini sababu ya kupigana haikuwa maji. Ilikuwa kutawaliwa.

Na bei je? Februari 27, 1906, Mputa na wenzake wengi walinyongwa hapa mjini. Wazee husimulia kwamba nduna Songea Mbano aliachwa kwanza kwa matumaini ya kupewa msamaha, naye akataka auawe kama wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye. Mji huu unaitwa kwa jina lake. Makaburi yao yapo pale Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji, na ni pale ambapo Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi.

Hao walikuwa watu wazima waliojua wanachokifanya. Bili kubwa zaidi ilipelekwa kwa wengine. Serikali ya Gavana von Götzen iliamua kuitumia njaa kama silaha: vijiji vilichomwa, ghala zikatekwa, watu wakazuiwa kupanda. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wasiojua hata maana ya boma. Maji hayakuwaua watoto hao. Aliyewaua ni yule aliyechoma ghala.

Ebrahim Hussein aliliona fumbo hili katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Kinjeketile wake anajua kwamba maji hayazuii risasi, lakini mwishoni anakataa kuukana ujumbe wake mbele ya adui. Anaona kwamba akiukana, watoto wa kesho watakosa cha kurithi.

Basi, ndugu msikilizaji, kila uganga upimwe kwa swali moja: nani atalipa? Babu zetu waliweka vifua vyao wenyewe mbele ya bunduki. Linganisha na waliowaua ndugu zetu wenye ualbino, hasa kuanzia mwaka 2007 kule Kanda ya Ziwa, kwa sababu mganga kawaahidi utajiri. Hao walitaka dawa ambayo bei yake inalipwa kwa mwili wa mwingine. Mwenye haki ya kuitwa mjinga, tena katili, ni huyo.

Nimemwambia binti akimaliza kitabu chake tufuatane Mahenge, akasome yale majina kaburini kwa macho yake. Nawe mzazi unayenisikiliza, mpeleke wako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.