Neno "Dawa" na Tabibu Msemaji wa Kihispania

Magharibi ya Kasekese, mkoani Katavi, liko Ziwa Tanganyika. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara na Wakuba wenzake walilivuka ziwa hilo kutoka Kigoma kwenda Kongo, wakiwa na majina ya siri ya Kiswahili: Moja, Mbili, naye Tatu. Tatu, aliyehitimu udaktari Buenos Aires mwaka 1953, alitambulishwa kuwa tabibu na mkalimani wa Kifaransa. Kuhesabu si kazi. Kazi ilikuwa neno "dawa". Kwake lilikuwa tiba, kwa wapiganaji kinga ya mganga dhidi ya risasi (na "mganga" nalo lina utata uo huo). Kwa maoni yetu, tabibu mgeni afundishwe kwanza neno hili, kwani mgonjwa asemaye "nimekwisha tumia dawa" huenda hajameza kidonge hata kimoja.