Kitanzi cha Uingereza na Hesabu za Kura

Mwaka 1956 ulipita wote bila mtu yeyote kunyongwa Uingereza. Mwezi Februari wabunge wa Baraza la Makabwela walikuwa wamepiga kura kutaka adhabu ya kifo iondolewe, na mabishano yalipokuwa yakiendelea, waliohukumiwa kufa walinusurika. Oktoba ya mwaka huohuo, katika koloni la Kenya, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alikamatwa Nyeri. Hakuhukumiwa kwa kuua mtu, bali kwa kupatikana na bastola. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti, chini ya sheria za hali ya hatari zilizokuwa na baraka za serikali ileile ya London. Katika vita vya Mau Mau, Kenya ilishuhudia zaidi ya watu 1,000 wakinyongwa. Wabunge walioogopa kumnyonga Mwingereza asiye na hatia hawakuyazuia hayo.

Historia ya kuondolewa kwa kitanzi Uingereza husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa ubinadamu. Ubinadamu ulikuwapo, lakini aliyeshika funguo alikuwa mwanasiasa, naye kila mara alitazama kwanza idadi ya viti, msimamo wa chama chake na hasira za wapiga kura.

Mwaka 1948 mbunge wa Labour, Sydney Silverman, alipenyeza katika muswada wa makosa ya jinai kipengele cha kusitisha unyongaji kwa majaribio. Makabwela wakakipitisha kwa tofauti ya kura 23, ingawa Waziri wa Mambo ya Ndani wa chama chake mwenyewe, James Chuter Ede, alikipinga. Baraza la Malodi likakitupa kwa kura 181 dhidi ya 28. Serikali, isiyotaka ugomvi na Malodi kuhusu jambo ambalo wananchi wengi walilipinga, ikaunda Tume ya Kifalme chini ya Ernest Gowers. Ilipewa kazi ya kuchunguza namna ya kupunguza matumizi ya adhabu hiyo. Swali la kuifuta kabisa halikuwekwa mikononi mwake. Gowers alipomaliza kusikiliza ushahidi wote, yeye mwenyewe akawa mpinzani wa kitanzi.

Tume ikiwa bado inafanya kazi, makosa yaliendelea kuzikwa. Machi 1950 Timothy Evans alinyongwa kwa mauaji ya binti yake mchanga. Ede ndiye aliyekataa kumwokoa. Miaka mitatu baadaye ikagundulika kwamba John Christie, aliyeishi katika nyumba hiyohiyo na kutoa ushahidi dhidi ya Evans, alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Mwaka 1955 Ede alisimama bungeni akakubali hadharani kwamba kesi ile ilionyesha kosa linaweza kutokea. Ilihitaji ujasiri kusema hivyo, na ni haki kumsifu kwa hilo, ila Evans alikuwa kaburini.

Januari 1953 ilikuwa zamu ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 mwenye akili nzito. Risasi iliyomuua askari polisi ilifyatuliwa na mwenzake wa miaka 16, ambaye kwa umri wake hakuweza kunyongwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia Bentley hatiani lakini likaomba ahurumiwe. Wabunge wapatao 200 walitia saini wakitaka asamehewe, lakini Spika hakuruhusu mjadala, na Waziri wa Mambo ya Ndani David Maxwell Fyfe hakubadili uamuzi. Julai 1955 akanyongwa Ruth Ellis, mama wa watoto wawili aliyempiga risasi mpenzi wake, na nchi ikatikisika.

Malodi walipoukataa muswada mpya wa Silverman mwaka 1956, Wahafidhina, waliokuwa sasa madarakani, walileta suluhu yao: Sheria ya Mauaji ya 1957. Kuua kwa bunduki au wakati wa wizi kulibaki na kitanzi; kuua kwa sumu, hata kukipangwa kwa miezi, hakukuwa nacho. Ni sheria iliyotungwa kutuliza kambi mbili za chama kimoja, na mtu hawezi kutafuta mantiki ya haki ndani yake akaipata.

Mlango ulifunguliwa na uchaguzi. Oktoba 1964, miezi miwili baada ya unyongaji wa mwisho, Labour iliingia madarakani kwa wingi mdogo kabisa, ikamteua Gerald Gardiner, adui wa kitanzi, kuwa Lodi Chansela. Muswada wa Silverman ukapita mwaka 1965, wabunge wakipiga kura kwa dhamiri, na unyongaji kwa mauaji ukasitishwa kwa miaka 5. Desemba 1969 serikali haikungoja muda uishe. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan alitaka suala hilo lifungwe kabla yake. Makabwela wakaufanya uamuzi kuwa wa kudumu kwa kura 343 dhidi ya 185, huku raia wengi wakitaka kitanzi kibaki.

Badala ya kifo kiliwekwa kifungo cha maisha cha lazima, na hapo siasa ikapata makao mapya. Julai 1983 wabunge walikataa kurudisha unyongaji, ingawa Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliupigia kura. Oktoba, mbele ya mkutano wa chama chenye hasira, Waziri wa Mambo ya Ndani Leon Brittan akatangaza kwamba wauaji wa aina fulani wasitarajie kutoka kabla ya miaka 20. Tangu hapo mwanasiasa mwenye kutafuta kura ndiye aliyeamua mfungwa akae miaka mingapi. Ni mwaka 2002 tu majaji wakuu walipowanyang'anya mawaziri mamlaka hayo, kwa kuwa kupanga adhabu ni kazi ya hakimu. Mwaka uliofuata serikali ya Tony Blair ilipitisha sheria mpya, ikawaandikia majaji viwango vya kuanzia: maisha yote, miaka 30, au miaka 15.