Chombo si Mbao Tupu: Kuunda Mashua Ndogo ya Uvuvi Uani Kwako

Vijana kadhaa wameniuliza siku za karibuni kama inawezekana kuunda mashua ndogo ya uvuvi nyumbani, badala ya kusubiri mpaka upate pesa za kununua iliyo tayari. Jawabu langu ni ndiyo, inawezekana. Wazee wetu kuanzia Vanga hadi Kiunga waliunda vyombo vyao chini ya miembe na minazi, na Matondoni kule Lamu hadi leo ni kijiji cha mafundi wa vyombo.

Faida yake anaijua kila aliyewahi kuvua kwa chombo cha mwenzake. Samaki wakiuzwa, pesa hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu na mashine, kisha mabaharia hugawana kinachobaki. Kijana aliyekesha baharini hurudi nyumbani na kidogo kuliko tajiri aliyelala. Ukiwa na chombo chako, hata kikiwa kidogo, lile fungu la kwanza linabaki kwako.

Lakini ndugu yangu, sikiliza neno hili kabla hujashika msumeno. Wengi hupanga bajeti ya mbao, misumari na fundi, wakadhani wamemaliza. Chombo kikisimama wanashangilia, kisha wanagundua hawana pesa ya nanga, makasia, wala koti la kujiokolea. Wanaingia baharini hivyo hivyo, na bahari haina huruma. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Vifaa ni sehemu ya chombo, na pesa zake zitengwe siku ile ile unaponunua ubao wa kwanza. Kwa maoni yangu, kwa kila shilingi tatu za mwili wa chombo, tenga moja ya vifaa, mbali na mashine.

Chagua umbo kwanza

Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, na siku hizi magogo makubwa ni adimu. Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa mbao za kuelea pande mbili usipinduke. Dau limechongoka mbele na nyuma. Mashua ina tezi bapa, yaani nyuma imekatwa, kwa hiyo inapokea mashine bila taabu. Kwa mtu anayeanza, mimi napendekeza mashua ya futi 16 hadi 18, upana wa kama futi 5 na kina cha futi 2. Hiyo inabeba watu watatu na nyavu zao kwa uvuvi wa ndani ya mwamba.

Kabla ya kuanza, pima uchochoro na lango la kwenu. Chombo kitakachokwama uani hakina faida kwa mtu. Weka banda la makuti pia, kwa sababu jua kali hupasua mbao na mvua ya masika huzilowesha kabla hazijashikana.

Mbao

Mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, unataka mti mgumu. Mbambakofi ni mzuri sana. Mbao za ubavuni zilizo bora ni za mvule, lakini bei yake inamshinda mtu wa kawaida. Wengi hutumia mwembe, ambao ni rahisi kupatikana na rahisi kufanyiwa kazi, ila huoza mapema kuliko mvule. Unene wa inchi moja unatosha kwa chombo cha kadiri hii. Hakikisha mbao zimekauka. Mbao mbichi hujikunja baadaye na kufungua nyufa.

Mataruma, yaani mbavu za ndani, hutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe. Tawi lililopinda kwa asili lina nguvu kuliko ubao ulionyooka ukakatwa kwa msumeno, kwa sababu nyuzi za mti zinafuata umbo. Wazee walipenda mlilana na mkomafi, na hiyo ni mikoko. Usiingie mikokoni na panga bila kibali cha Shirika la Misitu (KFS). Samaki wachanga hulelewa kwenye mizizi ile, kwa hivyo anayeikata ovyo anaukata uvuvi wake mwenyewe. Uhaba wa mbao ndio unaowafanya watu watafute njia nyingine. Wapo wanaotumia faiba, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, jahazi la kama mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa.

Mwili

Hapa mtafute fundi. Kuunda nyumbani si kuunda peke yako. Mlipe fundi kwa hatua, nawe uwe mkono wake wa pili: utaokoa pesa, utajifunza chombo chako, na kikivuja siku moja utajua pa kutazama.

Kazi huanza kwa kulaza mkuku juu ya magogo na kuunyoosha kwa uzi. Kisha husimamishwa mti wa omo mbele na ubao wa tezi nyuma. Mafundi wengi wa kwetu hupachika mbao za kwanza za chini, halafu ndipo wanapotia mataruma yafuate umbo la ubavu. Taruma moja kwa kila futi moja au moja na nusu si nyingi. Mbao za kukalia zifungwe sawasawa, kwa sababu ndizo zinazozuia mbavu zisifunguke.

Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee au drili ili ubao usipasuke. Misumari iwe ya kupakwa zinki. Msumari wa kawaida hula kutu upesi katika maji ya chumvi, na ukishaliwa na kutu unauoza na ubao unaouzunguka. Kichwa cha msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipite.

Kalafati na rangi

Kalafati ni kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikisukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Ni kazi ya subira. Ukiishindilia kupita kiasi unazitanua mbao, na ukiiacha legelege maji yanaingia. Nje, chini ya mstari wa maji, wazee walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Juu walipaka sifa, mafuta ya papa. Leo kuna rangi maalumu za chini ya chombo, lakini deheni bado inafanya kazi na ni rahisi. Mwenye chombo hukipandisha pwani mara kwa mara, hukipitishia moto wa makuti chini kuua wadudu, kisha hukipaka upya.

Vifaa visivyo na mjadala

Kwanza, makoti ya kujiokolea, moja kwa kila kichwa, yanayovaliwa na si ya kukaliwa.

Pili, nguvu ya kuelea. Chukua mitungi ya plastiki ya lita 20, ifunge vifuniko barabara, uikaze kwa kamba chini ya mbao za kukalia. Mtungi mmoja mtupu unabeba kama kilo 19 ukizamishwa. Mitungi minane inakaribia kilo 150. Hizo zinatosha kuushika uzito wa mashine ndogo na bado zikawabakisha watu juu wakati chombo kimejaa maji. Sijui bima nyingine ya bei hiyo.

Tatu, nanga na kamba yake. Kamba iwe mara tatu hadi tano ya kina. Kwenye maji ya pima tano, uwe na pima 25, na kipande cha mnyororo karibu na nanga ili iume chini.

Nne, makasia mawili na pondo, hata kama una mashine mpya. Tano, upo au ndoo ya kukumbia maji, iliyofungwa kwa kamba. Sita, tochi, filimbi, maji ya kunywa, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na mwambie mtu aliye nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Tanga au mashine

Tanga halinywi mafuta. Linahitaji mlingoti, foromali, henza ya kupandishia, demani ya kulizuia, na farumi ya kukituliza chombo. Magunia ya mchanga yanatosha. Ukitaka mashine, pima tezi kabla ya kuikata. Mashine ya mguu mfupi inataka kimo cha inchi 15, ya mguu mrefu inchi 20. Ukikosea, propela itapiga hewa au mguu utakuburuta. Ubao wa tezi uwe na unene wa kama inchi moja na nusu, ushikwe na viwiko vya mti mgumu ndani, na mashine ifungwe kamba ya akiba.

Makaratasi

Nenda kwa BMU ya bandari yenu ukiandikishe chombo, kisha ofisi ya uvuvi kwa leseni. Mamlaka ya bahari, KMA, ndiyo inayokagua usalama wa vyombo vidogo. Nambari ya usajili iandikwe ubavuni isomeke kwa mbali. Usianze na zana haramu kama juya, nyavu za uzi mmoja au bunduki ya kuvulia. Jasho la miezi lisije likaishia kwenye kituo cha polisi.

Siku ya kushua

Ngoja bamvua, maji yanapopanda juu kabisa. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na hiyo itakupunguzia kazi ya kuvuta. Waite majirani, someni dua, wapikieni wavutaji. Kiache chombo majini siku mbili tatu karibu na ufuo kabla ya kwenda kuvua. Kitavuja kidogo mwanzoni, kisha mbao zitavimba na kujifunga. Sehemu itakayoendelea kuvuja itaka kalafati upya.

Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba, mchana, na upepo mwanana. Kusi inapovuma kwa nguvu, kiache chombo ufukweni hata kama mfuko u mtupu. Samaki watakuwepo kesho, na watoto wako wanakungoja nyumbani, si fungu la chombo.