Komamanga la Uani

Wazee wa pwani walipoambatisha neno Manga kwenye kitu, walitaja kilikotoka: Uarabuni, hasa upande wa Maskati. Ndivyo tulivyopata pilipili manga, njiwa manga na komamanga. Tunda lenyewe asili yake ni Uajemi na jirani zake. Jina latuonyesha njia lililopitia kutufikia.

Uani kwetu umebaki mkomamanga mmoja, alioupanda bibi. Ndugu zangu wanataka kuukata, wajenge chumba cha kupangisha. Mimi bado navuna kama alivyonifundisha: tunda hukatwa kwa kisu, halivutwi; wala halichumwi bichi, kwani likishaachana na mti haliivi tena. Kodi ina haja yake, sikatai. Ila mti ukianguka, wajukuu watabaki na jina bila ya ladha.