Siku arobaini za Mazwi

Kuna walioniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nilijifungua. Ni mtoto wa kiume, ana miezi saba na meno mawili, na saa hizi amelala hapa pembeni kwenye chumba nilichopanga nyuma ya chuo. Binamu yangu ndiye anayemshika nikiwa darasani.

Sasa lekchara wetu wa historia ya jamii katutaka tuandike historia ya jambo ambalo nyumbani kila mtu analijua lakini hakuna aliyeliandika. Wenzangu wamekimbilia ngoma na jando. Mimi nimechukua siku arobaini za mzazi. Hii mnayosoma ni rasimu tu, ile ya kukusanya itavaa suti na tai.

Kwetu ni Mazwi, Sumbawanga mjini. Wasiofika wajue kwamba Ufipa ni juu, karibu mita 1,800 toka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina adabu. Mimi nilijifungua mwezi wa saba. Nilivyotoka hospitali nikamkuta mama ameshahamisha kitanda changu kwenye chumba kinachopakana na jiko, na bibi ameshafika kutoka kijijini na kiroba cha ulezi. Utaratibu ulikuwa wao, mimi sikuulizwa. Asubuhi naoga maji ya moto, nakunywa uji wa ulezi, nafungwa tumbo kwa khanga, nalala. Mchana supu, mara nyingi ya migebuka ya ziwani. Jioni tena maji ya moto. Sikufua, sikupika, sikuchota maji. Usiku mtoto akilia bibi alikuwa macho kabla yangu, ananipa ninyonyeshe, kisha anamchukua. (Wakunga wa hospitali wanakataza kukalia mvuke wa maji yanayochemka kama una mshono, na kubana tumbo mno. Bibi aliambiwa hayo, akanuna siku mbili, akalegeza khanga.)

Nikamuuliza bibi, kwa nini arobaini? Akanijibu, "Ndivyo ilivyo." Mwanahistoria hawezi kuandika "ndivyo ilivyo", basi nikaanza kuchimba.

Mwili kwanza. Mfuko wa uzazi unarudi ukubwa wake wa kawaida kwa kama wiki sita, na damu ya uzazi hukata ndani ya muda huohuo. Madaktari wanahesabu siku 42: mwanamke akifariki ndani yake kwa sababu ya uzazi, anaingia kwenye takwimu za vifo vya uzazi. Kwa hiyo bibi na Shirika la Afya Duniani wamepishana siku mbili tu.

Halafu kanisa. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu Mapadri Weupe waliposhika Karema mwaka 1885 (Karema sasa iko mkoa wa Katavi). Mambo ya Walawi sura ya 12 inampa mama wa mtoto wa kiume siku 40, wa mtoto wa kike siku 80. Na Februari 2 kanisa linakumbuka Bikira Maria alipokwenda hekaluni, siku ya arobaini toka Krismasi. Kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kilikuwa na baraka ya mzazi: mama anasimama au kupiga magoti mlangoni pa kanisa na mshumaa unaowaka, padri anakuja kumwingiza. Bibi anaikumbuka. Maneno ya ibada ile ni ya shukrani, ila yeye alielewa kwamba anasafishwa, na wanawake wengi duniani walielewa hivyohivyo. Ibada mpya ya ubatizo ya 1969 iliweka baraka ya mama ndani ya ubatizo wa mtoto, na ule mshumaa wa mama mlangoni ukapotea taratibu. Pwani nao wana arobaini yao, ya Kiislamu, ya udi na kukandwa. Inaelekea hesabu hii haina mwenyewe mmoja.

Hapo ndipo nilipokwama. Unasoma habari za Karema unamkuta Adrien Atiman, mtumwa aliyekombolewa kutoka upande wa Timbuktu, akasomea udaktari Malta, akatibu watu Karema tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipofariki 1956. Mtu mkubwa, anastahili kuandikwa. Lakini wale wanawake waliochemsha maji, wakakesha na wazazi vijiji vyote vya Ufipa miaka hiyohiyo, majina yao yako wapi? Bibi yangu ni mmoja wao, na hata yeye anamtaja mmoja tu, mama yake. Kathleen Smythe aliandika kitabu kizima juu ya familia za Kifipa na uzazi, kilitoka 2006, na humo utaona bibi alivyobeba malezi: mtoto akishaachishwa ziwa alihamia kulala kwa bibi yake. Angalau huyo kaandika.

Serikali nayo ina hesabu yake. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa ili mfanyakazi mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa, apate likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Sheria ya Ajira ya 2004 ikabaki na 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja. Piga hesabu, 84 ni 42 mara mbili. Lakini hiyo ni ya mfanyakazi. Mwanafunzi wa chuo si mfanyakazi, bumu si mshahara, na ratiba ya mitihani haijui kunyonyesha. Mimi nilipanda basi siku ya 33.

Niseme ukweli sasa, maana hii ndiyo sababu ya kupotea kwangu. Wiki mbili za mwanzo huku nilijikaza. Baadaye nikawa siwezi kulala hata mtoto akilala. Sikucheka. Nilikuwa nakaa na daftari mbele, machozi yanashuka tu, hakuna aliyenikosea. Nyumbani kuna neno kubemenda, mtoto akidhoofika mama anasemwa kwamba amekwenda nje. Nikaogopa mtoto akipungua uzito nitasemwa, basi nikanyamaza zaidi. Kliniki wakampima mtoto, wakajaza kadi yake vizuri, tukaondoka. Chanjo ya wiki ya kumi ndipo muuguzi mmoja aliinua kichwa akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Nikalia pale kwenye benchi mpaka foleni ikageuka kuniangalia.

Alinipeleka kwa mshauri, na mshauri akanisomea maswali kumi. Yanauliza juu ya siku saba zilizopita: unaweza kucheka, unajilaumu, unalala, na la mwisho, kama umewahi kuwaza kujidhuru. Nililijibu kweli. Sitaandika zaidi ya hapo, ila nilisaidiwa, na bado nahudhuria.

Mimi ni mimi, nikatafuta maswali yale yametoka wapi. Yalichapishwa Uingereza 1987, yanaitwa kipimo cha Edinburgh. Lakini aliyeyaongoza, daktari wa akili John Cox, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Makerere! Alifanya utafiti Kasangati, nje ya Kampala, na mwaka 1979 akachapisha matokeo ya wajawazito 263. Akakuta Waganda wana jina la ugonjwa wa akili unaompata mzazi: amakiro. Wakisema unatokana na uzinzi wakati wa mimba. Alirudi Scotland, akalinganisha wanawake wa kule na wa Uganda, na kutoka kwenye kazi hiyo yakaja maswali kumi aliyotunga na Jeni Holden na Ruth Sagovsky.

Kwa hiyo wazee wetu waliuona ugonjwa, wakaupa jina. Walipokosea ni kumtwisha mama kosa. Na hapa najibishana na wanaosema uzunguni ndiko wanakougua haya, sisi tuna bibi. Bibi tunaye, sawa, ila alibaki Mazwi.

Takwimu za taifa zinasema vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (utafiti wa 2015-16) hadi 104 (2022). Ni kazi kubwa. Ila mimi nisingeonekana kwenye namba hiyo, wiki ya kumi ni nje ya siku 42.

Arobaini yangu iliangukia siku ya testi. Bibi aliifanya peke yake kule, akapika uji wa ulezi, akawagawia watoto wa jirani. Tangu nimwambie mama yote, anapiga simu kila jioni, na kabla hajamuulizia mjukuu ananiuliza kama nimeoga maji ya moto. Maji ya moto, kwenye joto la huku! Naoga.