Yubile ya Nairobi ya Mwaka 1950

Mji ukitaka kufanya sikukuu ya umri wake, jambo la kwanza ni kuamua siku uliyozaliwa, nalo si jambo jepesi. Mtu huzaliwa mara moja, mbele ya mkunga. Mji hauna mkunga, na kila aliyeukuta ana hesabu yake.

Tuutazame mji wa Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali pale mwishoni mwa Mei, 1899. Mwaka 1900 zilitolewa kanuni za kwanza za mji, na mpaka ukawekwa maili moja na nusu kila upande kutoka afisi ya mtawala wa jimbo. Mwaka 1905 makao ya serikali yalihamishwa huko kutoka Mombasa, na mwaka 1919 mji ukawa manispaa. Basi siku za kuzaliwa zilikuwa nne, na waliopanga sherehe za 1950 walihesabu miaka hamsini tangu 1900. Yaani walichagua siku ya sheria, si siku ya gari la moshi. Wamasai, waliopaita mahali pale Enkare Nairobi, maana yake maji baridi, hawamo katika hesabu yo yote ya hizo nne, ijapokuwa mji wachukua jina lao hata leo.

Sherehe yenyewe iliitwa yubile. Neno hili asili yake ni la Kiebrania, nalo lahusu pembe ya kondoo mume. Wasomaji wetu walio wachungaji wanajua habari zake katika Mambo ya Walawi, sura ya 25: mwaka wa hamsini baragumu hupigwa, mtumwa hurudi kwa jamaa zake, na shamba lililouzwa humrudia mwenyewe. Walioliazima neno hili kwa ajili ya mji walichukua ile hamsini na lile baragumu. Habari ya shamba waliiacha.

Lakini watu wa kando ya mji hawakuweza kuiacha. Tarehe 30 Machi, 1950, Duke wa Gloucester, ndugu yake Mfalme George VI, alileta hati ya kifalme, na mji ukawa jiji. (Jiji ni mji uliotiwa ukubwa, kama vile nyoka awavyo joka, na nyumba iwavyo jumba.) Ukubwa huo ndio uliotia watu hofu. Uvumi ulienea kwamba jiji litapanua mipaka yake na kumeza nchi ya Wakikuyu. Wala uvumi huo haukuzuka hewani, kwani Wakikuyu wa Kiambu walikuwa wamekwisha kuona mashamba yao yakigawiwa walowezi katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka hahitaji kuambiwa maana ya joka.

Ndipo Muungano wa Vyama vya Wafanya Kazi wa Afrika ya Mashariki, ulioanzishwa mwaka 1949, ulipowataka watu wasusie sherehe. Rais wake alikuwa Fred Kubai, na mwandishi wake Makhan Singh. Hoja yao ilikuwa kwamba Nairobi ni mbili, moja ya matajiri na moja ya maskini, na ya maskini haikupandishwa cheo cho chote. Naona hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Hati ile haikumwondolea mfanya kazi kipande chake, wala haikumwongezea chumba.

Mwezi wa Mei wote wawili walikamatwa, na wafanya kazi wa jiji wakagoma siku kadha wa kadha. Makhan Singh alizuiliwa mbali na jiji, asirudi mpaka mwaka 1961. Mwaka uliofuata Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi.