Malungu ya Ufipa yanarudi kuwa kichuguu

Anayelima shamba jipya katika uwanda wa Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania, hashangai jembe lake likigonga pande zito, jeusi, lililoganda kama lami na kujaa vitundu vya mapovu. Ni mavi ya chuma. Hapo ujue kuna ilungu karibu, au palikuwa na ilungu kabla mvua haijalimaliza.

Ilungu, kwa wingi malungu, ni tanuri la kuyeyushia chuma. Mafundi wa Kifipa walilijenga kwa udongo wa kichuguu, likasimama kiasi cha mita tatu, refu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Chini lilizungukwa na matundu ya kupitisha mirija ya udongo. Ajabu yake ni kwamba halikuwa na mivukuto. Moto ulipokolea, hewa ya moto ilipanda juu kama katika dohani, na hewa mpya ikavutwa kupitia mirija ile. Tanuri lilipumua lenyewe, usiku na mchana, na mafundi wakabaki na kazi ya kulilisha makaa na mtapo.

Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na uchafu, nalo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Baada ya kusafishwa, chuma kilikwenda kwa mhunzi, naye akakifua kuwa jembe, shoka, mkuki. Ngazi mbili za moto kabla ya nyundo! Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kubahatisha.

Fundi mkuu, silungu, alikuwa mtaalamu na pia mshika miiko. Alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, na ilungu jipya liliandaliwa kama bibi harusi. Kazi ya kuyeyusha ilipoanza, mafundi walikaa mbali na wake zao, maana tanuri ndilo lililokuwa mke wakati ule, na chuma ndicho mtoto aliyesubiriwa. Wamisionari hawakupendezwa na hayo. Mwaka 1914 Padri Wyckaert wa shirika la Mapadri Weupe alichapisha makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Kichwa hicho peke yake kinaonyesha jinsi tanuri lilivyogeuzwa kuwa suala la dini.

Kwa Wafipa, hata hivyo, chuma kilikuwa suala la enzi pia. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha historia ya dola ya Kifipa mwaka 1981, alisimuliwa kisa kimoja tena na tena, na ndicho alichokifanya nguzo ya kitabu chake.

Kisa chenyewe kinaanzia Milansi, jina ambalo leo liko kwenye kata ya Milanzi, hapa hapa Manispaa ya Sumbawanga. Mtawala wa kwanza wa nchi alikuwa Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni, na ukoo wake ulihusishwa na uhunzi. Siku moja alikwenda kuwinda. Alikuwa amemwonya mkewe kwamba wageni wakija, wasikalie kigoda chake. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu kutoka mbali, watu wa ukoo wa Watwa. Mke akawapokea, na kigoda kikakaliwa. Mume aliporudi, alikuta nchi imeshapata wenyewe wapya.

Hapa masimulizi ya Kifipa yanaachana na ya mataifa mengi. Damu haikumwagika. Watwa walichukua utawala, na wa Milansi wakabaki na eneo lao dogo na heshima ya kikuhani, hata mtawala mpya wa Watwa hakutawazwa bila wao kuwa na sehemu yao. Willis aliona katika kisa hicho mapatano kati ya mwenye nchi na mwenye nguvu. Nakubaliana naye, ila naona jambo jingine pia. Waliokaa kwenye kigoda ndio waliobaki katika orodha za watawala, na mafundi waliowatengenezea majembe na mikuki hawakuachiwa orodha yoyote.

Mengine yanajulikana. Watwa waligawanyika, pakawa na Nkansi na Lyangalile. Wangoni walifika na kuishtua nchi, na kiongozi wao Zwangendaba akafia Ufipa, mahali paitwapo Mapupo, karibu na mwaka 1848. Mpelelezi Joseph Thomson alipita mwaka 1880. Katika miaka ya 1890 Wajerumani wakaja na bunduki zao.

Kusahauliwa kwa mafundi hao kunanikumbusha Wamaya. Mwaka 1839, Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood waliingia katika misitu ya Amerika ya Kati na kukuta miji ya Wamaya imemezwa na miti. Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa tayari kuamini kwamba miji ile ilijengwa na Wamisri, Wafoinike, mtu yeyote isipokuwa wenyeji. Stephens alisema waliojenga ni mababu wa watu wale wale waliokuwa wakiishi pale. Wamaya walijua sifuri na walihesabu miaka kwa usahihi wa kushangaza. Piramidi za Tikal walizijenga kwa zana za mawe, bila chuma. Kisha miji ya kusini ikaachwa mmoja baada ya mwingine, na tarehe ya mwisho ya kalenda yao ya hesabu ndefu ilichongwa huko Toniná mwaka 909. Wataalamu wanataja ukame, vita na ardhi iliyochoka. Watu wenyewe hawakutoweka. Mamilioni ya Wamaya wapo hadi leo na wanasema lugha zao.

Wafipa nao wapo, na moto ndio uliozimika. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika madukani kwa bei ambayo silungu hakuiweza, kwa sababu jembe lake lilikula siku nyingi za kuchoma makaa, kuchimba mtapo na kukesha. Kodi ya kikoloni ikawasukuma vijana kwenda kutafuta vibarua. Mwaka 1937 Mwingereza Greig alipoandika kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa, alikuwa anaandika habari za kazi inayokufa.

Baada ya hapo Ufipa ikajulikana kwa mahindi. Mkoa wa Rukwa, ambao Ufipa imo ndani yake, ulianzishwa mwaka 1974.

Aliyerudi kuyahesabu malungu kwa uzito wa kitaalamu ni Mtanzania, Profesa Bertram Mapunda. Utafiti wake wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kusini magharibi mwa nchi hakukuwa na ufundi wa aina moja tu. Upande wa Ziwa Tanganyika, kabla ya malungu, kulikuwa na katukutu, tanuri fupi la namna nyingine kabisa. Mwaka 2010 alichapisha kitabu kizima juu ya chuma cha Wafipa. Wahaya wa Kagera walipata sifa duniani tangu mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika juu ya chuma chao cha kale. Sijaona sababu ya Wafipa kukosa sifa hiyo, wakati matanuri yao bado yamesimama.

Bado, lakini si kwa muda mrefu. Udongo wa kichuguu usiochomwa tena hauvumilii masika mengi bila paa. Mchwa wanautaka, ng'ombe wanajikuna humo, na mwenye shamba anataka nafasi ya mahindi. Wala simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba analima ndani ya makumbusho.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka maalumu wa karne ya kumi na tisa. Malungu mengi yalitumika baada ya mwaka huo, kwa hiyo hayamo. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali popote penye umuhimu wa kihistoria kuwa pa kulindwa. Kinachohitajika ni tangazo, uzio wa miti na paa la nyasi juu ya malungu machache yaliyo mazima. Viongozi wa Rukwa na madiwani wa Sumbawanga, pelekeni ombi hilo Dodoma kabla ya masika yajayo.